Shajara ya mradi: je, jeli ya mwani inaweza kuishika yurea?

Jumamosi, kuanza

Swali la mradi ni moja tu. Ukichemsha mwani ukapata ule ute unaoganda ukipoa, ukauchanganya na mbolea ya yurea kabla haujaganda, je hiyo jeli itaishika yurea iwe inaitoa kidogo kidogo kwenye mche kwa mwezi hivi, au ukimwagilia mara moja tu imeshakwenda zake yote? Nauliza kwa sababu mama mdogo analima mwani Jambiani, spinosamu, na bei ya kilo kavu haisemeki, halafu kila mkutano wa kuongeza thamani unaishia kwenye sabuni. Sabuni haina ubaya, ila wanunuzi wake wengi ni watalii na watalii wana msimu. Mchicha na nyanya watu wanakula mwaka mzima.

Kwa asiyejua, spinosamu ndani yake ina karajinani, ndo ule ute unaoganda, ya aina ya iota; kotonii, mwani mwingine unaolimwa, ina ya aina ya kappa. Kotonii ndo yenye bei nzuri ila bahari ikipata moto inaumwa inakufa, ndo maana huku pwani ya mashariki ya Unguja wengi wameng'ang'ania spinosamu. Jeli ya kappa ni ngumu na inakatika, ya iota laini inanesanesa. Zote mbili ni nyuzi ndefu za sukari zilizobandikwa salfeti pembeni, na ile salfeti ina chaji hasi. Hiyo chaji tutakutana nayo mbele.

Sasa kabla ya kutengeneza vidonge vyovyote nataka kupima kitu cha msingi kwanza, yaani kitu kilichoyeyuka kwenye maji kinapita kwa spidi gani katika ukuta wa jeli. Nikishajua hilo, kidonge cha saizi yoyote nakipigia hesabu mezani bila kuchemsha mwani mwingine na kuijaza nyumba harufu.

Jumapili, chombo

Maabara wana vyombo maalum vya vioo kwa kazi hii, vyumba viwili na utando katikati. Mie nimekwenda duka la vifaa vya bomba nikachukua yunioni ya PVC ya inchi moja na nusu na elbo mbili. Yunioni ina nati kubwa na washa ya mpira ndani, ukiweka duara la jeli pale katikati ukakaza kwa mkono inabana bila kuvuja, halafu elbo zinatazama juu kila upande, ukishamaliza una kitu chenye umbo la U, kushoto maji ya chumvi, kulia maji safi, katikati jeli. Kila upande unaingia maji kama mililita 150. Uwazi wa katikati una upana wa sentimita 4.

Jeli laini haikai wima peke yake, inachanika, kwa hiyo kila upande nimeweka kipande cha chandarua. Nyuzi za chandarua zinaziba sehemu ya njia, si nyingi lakini zipo, basi chandarua hichohicho kitatumika vipimo vyote ili ninapolinganisha nilinganishe vitu vilivyo sawa.

Kupima natumia ile mita ndogo ya TDS wanayotumia wauza maji, ya kuonyesha vitu vilivyoyeyuka majini. Kusema kweli haipimi chumvi, inapima umeme unavyopita majini halafu inabahatisha chumvi kwa kuzidisha, ila kwa chumvi ya mezani peke yake kwenye maji safi inatosha kabisa. Kukoroga nimetoa mota mbili kwenye deki mbovu ya DVD nikazifunga vijiti vya mrija, zinazunguka polepole kila upande. Maji pande zote mbili lazima yawe usawa mmoja, yakitofautiana yanaanza kusukumana kwa uzito wake na hapo unakuwa unapima kitu kingine.

Jumatatu usiku, chumvi kwenye agari

Sijaanza na mwani, nimeanza na agari ya paketi ile ya kupikia jeli, asilimia 2, unene milimita 3. Sababu ni kwamba agari karibu haina chaji, kwa hiyo inanipa hali ya kawaida kabla ya kuingia kwenye vurugu. Kushoto chumvi gramu 6 kwa lita, kulia maji ya chupa yenye namba ndogo kabisa niliyopata dukani.

Dakika za mwanzo mita haisogei. Unaangalia, unaangalia, hamna. Halafu kama baada ya robo saa namba zinaanza kupanda, na zikishaanza zinapanda kwa mwendo uleule, kwangu sabini na kitu hadi themanini ppm (miligramu kwa lita) kila saa, mstari ulionyooka ukiuchora kwenye karatasi ya miraba. Kile kimya cha mwanzoni si kwamba chombo kimegoma, ni chumvi inajaza ukuta kwanza kabla ya kutokea upande wa pili. Na kimya hicho kina hesabu yake: ukiuendeleza ule mstari ulionyooka kurudi nyuma mpaka ukate sifuri, muda unaoupata ni unene ukijizidisha wenyewe, gawa kwa mara sita ya D, ambapo D ni namba inayosema kitu kinasambaa kwa wepesi gani. Yaani kwa saa ya simu na rula unapata D bila hata kujua mita yako inadanganya kiasi gani! Mteremko wa mstari ukitaka kuutumia lazima uiamini mita na ujue njia iliyozibwa na chandarua, ila kimya cha mwanzo hakijali hayo, ndo maana mie nakipenda zaidi.

Huo mteremko wenyewe ni sheria ya Adolf Fick ya 1855, Mjerumani aliyekuwa daktari wa mambo ya mwili, akachukua hesabu za joto linavyopita kwenye chuma akasema chumvi kwenye maji nayo inakwenda hivyohivyo: inatoka penye nyingi kwenda penye chache, na kadri tofauti ilivyo kubwa na ukuta ulivyo mwembamba ndivyo inavyokimbia.

Kwenye maji matupu, nyuzijoto 25, D ya chumvi ni kama 1.6 kwa 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde. Chumbani kwangu ni 30 na feni imewashwa, na D inaongezeka kama asilimia 2 na ushee kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo maji yangu ni ya 1.8 hivi. Agari imenipa kidogo chini ya hapo. Yaani ukuta unaoushika kwa mkono, unaoweza kuusimamisha kwenye sahani, kwa chumvi ni karibu sawa na hakuna ukuta.

Alhamisi, unene mara mbili

Nimerudia na jeli ya milimita 6. Mteremko umeshuka nusu kama inavyotakiwa, lakini kile kimya hakikuongezeka mara mbili, kimekwenda mara nne, saa nzima na kitu. Hapa ndo watu wengi wanapotegwa na mambo ya difusheni, yaani huku kusambaa kwa kitu chenyewe. Umbali ukiwa mara mbili muda ni mara nne, umbali mara kumi muda mara mia. Kwenye kitu kidogo difusheni ni kasi ya kutisha, kwenye kitu kikubwa ni uzembe mtupu, na ni D ileile haijabadilika. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu kwa sababu vidonge vya mbolea ni vidogo.

Ijumaa, kwa nini inapita hivi

Darasani tulifundishwa utando ni chekeche, kidogo kinapita kikubwa kinabaki, mwisho wa habari. Kwa chumvi na jeli habari hiyo haisaidii hata kidogo. Matundu kati ya nyuzi za agari ya asilimia 2 ni makubwa mno mbele ya ayoni (chembe yenye chaji) ya sodiamu, mamia ya mara, kwa hiyo suala la kuenea au kutoenea halipo. Kinachoipunguza spidi ni kwamba nyuzi zimechukua nafasi na ayoni inabidi izunguke. Njia inakuwa ndefu na sehemu ya kupita inapungua.

Kuna fomula ya Mackie na Meares ya 1955 ambayo ni rahisi mpaka raha. Chukua sehemu ya ujazo iliyochukuliwa na polima (zile nyuzi ndefu), iite p. D ya kwenye jeli ukiigawa kwa D ya kwenye maji unapata moja toa p, gawa kwa moja jumlisha p, halafu jibu lijizidishe lenyewe. Kwa jeli ya asilimia 2 inatoka 0.92. Kwa asilimia 10 inatoka 0.67. Kwa asilimia 20, 0.44. Polima ikifika nusu ya ujazo wote inabaki 0.11. Ona inavyoporomoka. Chumvi haijali sana polima yako inaitwa nani, inajali maji ni mengi kiasi gani. Mwaka 1968 Yasuda na wenzake wakalichukua hilihili kwa njia nyingine, wakapima chumvi kwenye tando nyingi zenye maji tofauti wakaonyesha logi ya D inakwenda na moja gawa kwa kiasi cha maji, na hiyo picha mpaka leo watu wa lenzi za macho na wa kusafisha maji wanaitumia.

Kulijaribu hilo nimechukua agari nikaikausha kwenye sinia mpaka ikawa kama plastiki, nikailoweka tena maji baridi usiku kucha. Ikishakauka hairudi ilivyokuwa, inavimba kiasi tu inaishia hapo. Nimeipima mizani ya jikoni, mbichi na kavu, maji yako kama asilimia 80. D iliyotoka iko chini ya nusu ya jeli ya mwanzo. Fomula imesema 0.44 ya ile ya maji matupu, nami niko jirani na hapo, kwa mizani ya unga wa keki siwezi kudai zaidi.

Wiki iliyofuata, vifuko vya selulosi

Jamaa mmoja anayefundisha bayolojia kanipa kipande cha ule mrija wa selulosi wa shuleni, wanaoutia wanga ndani halafu nje ayodini, ayodini inaingia wanga hautoki, ndani panageuka bluu nyeusi. Huo mrija na selofeni ni ukoo mmoja, na selofeni ndo iliyotengeneza figo bandia ya kwanza iliyofanya kazi: Willem Kolff, Uholanzi, mji wa Kampen, 1943 nchi ikiwa chini ya Wajerumani, alizungushia mrija wa selofeni wa kutengenezea soseji kwenye pipa la vipande vya mbao, pipa linazunguka kwenye beseni la maji ya chumvichumvi, damu inapita ndani ya mrija. Uchafu mdogo kama yurea, uzito wa molekuli 60, unatoka, protini ya albumini ya 66,000 na ushee inabaki kwenye damu. Wagonjwa wa mwanzo karibu wote walikufa, wa kwanza kunusurika ni mama mmoja wa miaka 67 mwaka 1945.

Hapo kwa albumini chekeche lina maana, sikatai. Ila yurea na chumvi zenyewe hazichekechwi.

Angalizo kwa anayetaka kujaribu: ile karatasi ang'avu ya kufungia zawadi inayouzwa kwa jina la selofeni mara nyingi ni polipropilini, haipitishi kitu. Choma kona kidogo. Ikiungua kama karatasi na majivu yake ni selulosi, ikiyeyuka na kudondosha matone hiyo ni plastiki, achana nayo.

Matokeo ya mrija wa selulosi yamenifurahisha. Ndani ya selulosi chumvi inatembea polepole sana kuliko kwenye agari kwa sababu maji ni kama nusu tu, lakini ukuta wenyewe ni mwembamba mno, sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo chumvi imepita kwa wingi zaidi kuliko kwenye agari ya milimita 3. Nikazima mota. Spidi ikashuka karibu nusu! Kwenye agari nikizima mota unaona tofauti ndogo tu. Maana yake ni kwamba juu ya utando wowote kuna tabaka la maji yaliyotulia, na kwa utando mwembamba lile tabaka lina ukinzani unaokaribia utando wenyewe. Mtu akipima utando mwembamba bila kukoroga anapima maji yake, utando hajaupima. Ndo maana pia mashine za kusafisha damu hazitulii, damu inapita upande huu na maji upande wa pili muda wote.

Jumatano, GV na rangi ya biriani

Sasa mwani. Nimeuosha mpaka mchanga ukaisha, nimechemsha masaa kwa moto mdogo, nimechuja kwa kanga ya zamani (moto sana, vaeni glovu nene), nikaacha uchemke tena upungue, halafu nikatia kalsiamu kloridi kidogo maana jeli ya iota bila kalsiamu inakuwa ulegeulege. Imetoka ya rangi ya chai ya maziwa, si nzuri machoni ila inashikana.

Kwa rangi situmii chombo cha U, nimemimina jeli kwenye glasi za chai za kioo mpaka nusu, ikishaganda nikaweka rangi juu, halafu kila siku napiga picha na rula pembeni. Glasi za agari na glasi za mwani. Rangi ni mbili: ile ya njano ya biriani, ambayo paketi imeandikwa tartrazini, uzito 534 na chaji yake hasi, na dawa ya GV ya duka la dawa, rangi ya zambarau, uzito 408 na chaji yake chanya. Kwa sheria ya chekeche GV ndo ndogo, basi iwahi.

Njano imeshuka kwenye glasi zote, agari na mwani, siku ya kwanza kama sentimita moja na kidogo, halafu inapunguza mwendo kama ilivyo kawaida ya difusheni, ukitaka iende mara mbili ya hapo subiri mpaka siku ya nne. Kwenye agari GV imeshuka pia ila nyuma ya njano, nafikiri kwa sababu agari ya kupikia haijasafishwa sana na ina salfeti kidogo. Kwenye mwani GV haikushuka. Imekaa juu pale, ukanda wa zambarau nzito wa milimita chache, na maji ya juu yaliyokuwa zambarau yamebaki karibu meupe. Siku zimepita ukanda ni uleule.

Yaani jeli haijaizuia isiingie, imeivuta ikaimeza na ikaikamata. Kila salfeti ni kiti, na GV kila ikisogea hatua inakalia kiti kingine. Ukipima kwa utando utaona mambo mawili yanayogongana: kiasi kinachoingia kwenye jeli ni kikubwa kuliko kilichoko majini, na mwendo ndani ya jeli ni mdogo sana. Wataalamu wanavitenganisha, kuna K ya kugawana, yaani kitu kinapenda jeli au kinapenda maji, na kuna D ya mwendo, na kinachoonekana kupita upande wa pili ni K mara D gawa kwa unene. Mtu akikupa namba moja tu ya upenyaji bila kuzitenganisha hujui kama utando wake ni mzito au ni mlafi.

Nikamwaga maji ya chumvi kali juu ya glasi moja ya mwani. Ukanda umeanza kulegea, zambarau kidogo ikarudi majini na kidogo ikateremka. Sodiamu nyingi zimegombania vile viti. Sinki nalo limepata zambarau na mama watoto hajafurahi, kwa hiyo majaribio ya GV yamefungwa rasmi.

Yurea yenyewe

Tatizo la yurea ni kwamba haina chaji, mita ya TDS haiioni kabisa. Njia niliyotumia ni soya. Soya mbichi ina kimeng'enya cha yuriesi kinachoivunja yurea ikawa amonia na kaboni dioksidi, ambavyo kwenye maji vinakuwa ayoni, na ayoni mita inaziona. Watu wa chakula cha mifugo wanatumia jambo hilihili kujua kama soya imekaangwa vya kutosha, maana moto unakiua hicho kimeng'enya. Basi nimesaga soya mbichi, nimeloweka, nimechuja, na kila sampuli ya maji kutoka upande wa kulia natia kiasi kilekile cha hayo maji ya soya, nasubiri saa, nasoma mita imepanda kiasi gani. Sampuli nyingine natia maji ya soya iliyochemshwa, hiyo haipandi, na hapo najua ninachosoma ni yurea na si kitu kingine.

Kwenye utando wa mwani wa milimita 3 yurea imepita karibu sawa na chumvi ilivyopita kwenye agari, chini kidogo tu. Vitabu vinasema D ya yurea kwenye maji ni 1.38 ambapo chumvi ni 1.6, uwiano uleule. Salfeti zote zile hazina habari na yurea. Haina chaji wala si kubwa, na jeli ni maji.

Vidonge

Kwa kumaliza ubishi nimetengeneza vidonge. Ute wa moto wenye yurea unadondoshwa kwa sirinji kwenye mafuta ya kula yaliyolala kwenye friji, tone linaganda likiwa linazama, unachuja unaosha haraka. Yurea usizidishe kwenye ute, ikiwa nyingi sana jeli inalegea. Vimetoka vya milimita 4 hivi.

Hesabu ya tone la mviringo iko hivi: nusu ya upana ijizidishe yenyewe, gawa kwa D na gawa kwa 10 kasoro kidogo. Kwa kidonge changu ni kama dakika 5. Baada ya muda huo kinabaki na robo ya mzigo wake tu. Nimevitia kwenye glasi ya maji, nimechota sampuli, soya imesema hivyohivyo, mpaka robo saa hakuna cha maana kilichobaki ndani.

Nikaigeuza hesabu: nikitaka muda huo uwe mwezi mmoja badala ya dakika 5, tone liwe na upana gani? Imetoka karibu sentimita 38. Kidonge cha mbolea saizi ya fenesi, kwa mche wa mchicha.

Kwa hiyo yurea ndani ya jeli tupu, hapana, na si kwa sababu ya mwani. Ningetumia agari, au alginati, au polima ya gharama ya kutoka nje, madhali imejaa maji jibu ni lilelile kwa kitu kidogo kisicho na chaji. Udongoni itachelewa zaidi ya kwenye glasi maana udongo haukorogwi na kidonge kikikauka kinasinyaa na njia zinafungwa, lakini mtu anamwagilia asubuhi na jioni, na kila akimwagilia kinavimba upya kinaachia. Mbolea nyingi za yurea zinazotoka polepole zinazouzwa duniani zinafunikwa salfa au resini, vitu vinavyokataa maji. Siri yao iko hapo.

Nilipofika

Kitu ambacho jeli ya mwani inakishika kweli ni ayoni zenye chaji chanya. GV imeonyesha kwa rangi, lakini kwenye bustani nazungumzia potasiamu na amoniamu. Hazitoki kwa kuoshwa na maji ya mvua, zinatoka zikibadilishana na kalsiamu au magneziamu ya udongoni, moja iingie moja itoke, kwa sababu chaji ya salfeti haiwezi kuachwa wazi. Hiyo ndo tabia ninayoitaka. Shida ni kiasi: kila kipande cha sukari mbili kwenye iota kina salfeti mbili hivi, nikipiga hesabu lita nzima ya jeli ya asilimia 2 ina viti vya kushika potasiamu kama gramu 3. Kidogo sana kwa bustani, ila mwani mkavu wenyewe hauna maji yote yale, na kwa gramu ya kavu viti ni vingi zaidi.

Kwa hiyo ute wa asilimia 2 nauweka kando. Hatua inayofuata ni mwani mkavu uliosagwa, usiochemshwa kabisa, niuloweke kwenye maji ya mbolea ya potasi, niusuuze, niukaushe tena, halafu niuweke kwenye yunioni ileile kati ya chandarua mbili nipitishe kwanza maji safi, baadaye maji yenye kalsiamu, nione mita inapanda lini. Mama mdogo kashaniwekea gunia la vipande vilivyokatika ambavyo mnunuzi kavikataa.